UHURU WA MTU NA MKONO WA SERIKALI: Utangulizi wa Fikra za Ulibertari





Mada niliyokabidhiwa na Tume yetu ya Haki na Amani ni ngeni kidogo masikioni mwa wengi. Katika semina hizi tumezoea kuzungumzia ujamaa, ubepari, demokrasia na haki za binadamu. Leo nimeombwa nieleze fikra za watu waitwao walibertari, yaani wale wanaouweka uhuru wa mtu mmoja mmoja mbele ya jambo lingine lolote katika siasa. Sababu ya kuichagua mada hii ni kwamba imekwisha kutufikia, hata kama hatukuialika. Mwezi Novemba 2023 wananchi wa Argentina, nchi alikozaliwa Papa Fransisko, walimchagua kuwa rais Javier Milei, mtu aliyepita katika mikutano ya kampeni akiwa amenyanyua msumeno wa injini kuonyesha jinsi atakavyoikata serikali. Alipoapishwa mwezi uliofuata, wizara zikashuka kutoka 18 hadi 9. Vijana wetu waliziona picha hizo katika simu zao, na baadhi yao huuliza: kuna ubaya gani serikali ikipunguzwa? Swali hilo si la kipuuzi, wala halijibiwi kwa kukunja uso.

Tuanze na kiini chenyewe. Mlibertari anaamini kwamba kila binadamu ni mmiliki wa nafsi yake, wa mwili wake, na wa matunda ya kazi ya mikono yake. Kwa hiyo hakuna mtu, wala kundi la watu, wala serikali, mwenye haki ya kumtumia nguvu, isipokuwa kumzuia asiwadhuru wenziwe au kumrudishia aliyedhulumiwa. Katika neno nguvu anahesabu pia vitisho na ulaghai. Hapo ndipo fundisho lote linapoanzia. Ukimwuliza mlibertari juu ya kodi, juu ya jeshi, juu ya bei ya mahindi au juu ya uhuru wa kusema, yeye atarudi pale pale: je, nani analazimishwa hapa, na kwa haki gani? Kitendo ambacho mtu wa kawaida akikifanya tunakiita unyang'anyi, asema, hakigeuki kuwa haki kwa sababu aliyekifanya amevaa sare.

Msidhani kwamba hawa wanahubiri kila mtu aishi apendavyo bila adabu. Wengi wao ni watu wa nidhamu kali katika maisha yao. Wanachosema ni kwamba wema unaoletwa kwa fimbo si wema. Wala hawakubaliani wao kwa wao. Wapo wanaokubali serikali ndogo yenye polisi, mahakama na jeshi la kulinda mipaka, basi. Serikali ya namna hiyo huitwa mlinzi wa usiku, jina ambalo Mjerumani Ferdinand Lassalle alilitunga mwaka 1862 kwa kejeli, nao wakalipokea kama sifa. Wapo wengine, kama Mmarekani Murray Rothbard aliyefariki mwaka 1995, waliosema kwamba hata mlinzi huyo hatakiwi, kwa kuwa hulipwa kwa fedha zilizochukuliwa kwa lazima.

Hata jina lenyewe lina historia ya kushangaza. Aliyelianzisha katika siasa ni fundi wa Kifaransa, Joseph Déjacque, mwaka 1857, naye alikuwa mpinzani wa serikali na wa mali ya binafsi kwa pamoja! Mwaka uliofuata alianza kuchapisha gazeti lenye jina hilo mjini New York. Ni katika karne ya 20 tu ambapo Wamarekani watetezi wa soko huria walilichukua neno hilo, kwa sababu neno liberali kwao lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na watu wa serikali kubwa. Mwaka 1971 wakaunda chama chao katika jimbo la Colorado. Matokeo yake mazuri kuliko yote katika uchaguzi wa rais yalikuwa ya mwaka 2016, kura zipatazo milioni 4.5, zaidi kidogo ya asilimia 3. Kwa hiyo nguvu ya watu hawa haiko katika sanduku la kura. Iko katika hoja.

Na baadhi ya hoja hizo, ndugu zangu, zilizaliwa sebuleni mwetu. Mwaka 1609 Mjesuiti wa Kihispania, Padre Juan de Mariana, aliandika kwamba mfalme anayepunguza fedha halisi katika sarafu anawaibia raia wake sawasawa na mtu aingiaye ghalani mwao usiku. Akafungwa kwa maneno hayo. Walibertari wa leo wanamtaja kama babu yao. Vivyo hivyo wanamtaja Lord Acton, mwanahistoria Mkatoliki wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1887 kwamba mamlaka huelekea kumharibu aliyenayo. Msemo huo hunukuliwa kila mahali dhidi ya marais, lakini wachache wanajua kwamba barua ile ilihusu hukumu ya historia juu ya mapapa. Acton alikataa kabisa kwamba wakuu wa Kanisa wahukumiwe kwa kipimo chepesi kuliko watu wengine. Nawaachia mlitafakari hilo, ninyi mliochaguliwa kuwa viongozi, nasi tuliopakwa mafuta.

Babu mwingine ni John Locke, Mwingereza, aliyechapisha kitabu chake juu ya serikali mwaka 1689. Locke alifundisha kwamba mtu akilima ardhi isiyo na mwenyewe, ameichanganya na jasho lake, nayo inakuwa yake, mradi awaachie wengine sehemu ya kutosha na nzuri vile vile. Fundisho zuri. Huyu huyu Locke alikuwa na hisa katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyofanya biashara ya watumwa. Nalitaja hilo kwa sababu fundisho la kuimiliki nafsi lilikaa pamoja na biashara ya kuuza nafsi za watu katika mfuko wa mtu mmoja, na wanafunzi wake hawana budi kulieleza.

Sasa niingie katika sehemu ambayo sisi tunaweza kuipima kwa uzoefu wetu wenyewe, kwa kuwa hapa ndipo walibertari wanapokuwa na nguvu zaidi.

Friedrich Hayek, aliyezaliwa Vienna mwaka 1899, aliandika mwaka 1945 makala kuhusu matumizi ya maarifa katika jamii. Hoja yake ni rahisi. Maarifa yanayotakiwa kuendesha uchumi hayapo katika kichwa cha mtu mmoja wala katika ofisi moja. Yametawanyika kwa watu wote. Mama anayeuza nyanya anajua jambo ambalo waziri hawezi kulijua: kwamba mvua imekata barabara ya kijiji fulani, kwamba shule imefungwa na wanunuzi wamepungua. Bei ndiyo inayobeba habari hizo zote na kuzifikisha kwa kila mtu bila hotuba. Ukiifunga bei kwa amri, umeziba mdomo wa mjumbe.

Wazee mlio hapa hamhitaji Hayek kuwaeleza. Mnakumbuka bei rasmi ya mahindi, vizuizi vya barabarani, na magunia yaliyopitishwa njia za panya usiku. Mnakumbuka mwaka 1983, vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, watu walipotupa sabuni na vitenge mtoni ili wasikutwe navyo. Mlibertari angesema kwamba mlanguzi aliyetoa mahindi mahali yalipojaa na kuyapeleka mahali penye njaa alifanya kazi ambayo serikali ilishindwa kuifanya, na malipo yake yakawa kifungo. Mwaka 1976 mwandishi mmoja wa kundi lao, Walter Block, aliandika kitabu kizima kuwatetea watu wa namna hiyo.

Lakini tutoe ushahidi wote, si nusu. Katika miaka hiyo ya 1970 Tanzania iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Kiuchumi ilikuwa hasara, maana Shirika la Usagishaji la Taifa lilibeba gharama ya kusafirisha mahindi kutoka mbali. Hata hivyo, mkulima wa Rukwa na Ruvuma, ambaye soko huria lilikuwa halimjui, alipata kwa mara ya kwanza bei sawa na ya mwenzake aliye karibu na reli. Akalima kwa wingi. Bei hiyo ilipoondolewa na ruzuku ya mbolea ikafuata, yeye ndiye aliyelipia hesabu za wengine. Bei husema ukweli, ndiyo; ila husema ukweli kuhusu watu wenye fedha ya kununua na barabara ya kupita. Asiye na vyote viwili, bei haimtaji.

Mwingine anayetuhusu ni Peter Bauer, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa profesa mjini London. Huyu hakukaa maktabani tu. Alichunguza biashara ya Afrika Magharibi na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1954. Aliwakuta wakulima wa kakao wa Gold Coast na Nigeria, watu waliopanda miti yao wenyewe bila mradi wala mtaalamu, wakiiuzia dunia. Kisha wakati wa vita kuu ya pili serikali ya kikoloni ilichukua ununuzi wote wa kakao, na baada ya vita ikaunda bodi za mazao, ya Gold Coast mwaka 1947. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: kumlinda mkulima bei ikishuka. Katika utekelezaji bodi zilimlipa mkulima sehemu tu ya bei ya dunia, mwaka hadi mwaka, na akiba kubwa ikalundikana London. Bauer akaiita kwa jina lake: ni kodi aliyotozwa mtu maskini bila kuulizwa. Uhuru ulipokuja, serikali za wananchi zilizikuta bodi hizo zikiwa na fedha, nazo hazikuzivunja.

Je, habari hii ni ya Ghana peke yake? Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933 na wakulima wenyewe. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini mwetu vilivunjwa kwa amri, na kazi yao ikapewa mamlaka za mazao za serikali. Ikabidi sheria ya mwaka 1982 ivirudishe. Tuangalie vizuri jambo hili. Ushirika wa hiari, walioujenga watu kwa mikono yao, haukuuawa na mabepari. Mlibertari, ambaye tunadhani ni adui wa ushirika, hapa yuko upande wa ushirika. Anachokipinga yeye ni kulazimishwa, si kushirikiana. Kadhalika angeuliza kuhusu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, iliyohamisha mamilioni ya watu. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati. Nia yeye haipingi. Anauliza tu: mzee aliyesema hapana, aliyebomolewa nyumba yake, ni nani aliyekuwa na haki ya kumwambia kwamba hapana yake haihesabiwi?

Naona wengine mnatikisa vichwa. Ni vizuri. Mimi mwenyewe naamini kwamba katika swali hilo moja wamesema kweli, na kwamba sisi tuliopenda sana neno umoja tulilikwepa muda mrefu.

Nije sasa kwa mwanafalsafa wao mkubwa kuliko wote, Robert Nozick wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1974 kumjibu mwenzake John Rawls. Nozick anatupa mfano wa mchezaji mpira wa kikapu, Wilt Chamberlain. Tuseme leo mali imegawanywa kwa usawa unaoupenda wewe. Watu milioni moja wanataka kumwona Chamberlain akicheza, na kila mmoja kwa hiari yake anatia senti 25 katika kisanduku chenye jina lake. Mwisho wa msimu ana dola 250,000. Usawa umevunjika, lakini nani amedhulumiwa? Ukitaka kuurudisha usawa, itakubidi uingie kati kila siku na kuwazuia watu wazima wasipeane walivyo navyo. Ndivyo Nozick anavyofikia kusema kwamba haki haitazami nani ana kiasi gani, bali alikipataje. Kama alikipata kwa haki, na kilihama mkono hadi mkono kwa haki, basi ni chake.

Hoja hii ni kali, na mtu asiidharau. Ila ina mlango wa nyuma, na Nozick mwenyewe aliuona. Je, kama mwanzo wake ulikuwa dhuluma? Anasema lazima pawepo kanuni ya tatu, ya kurekebisha dhuluma zilizopita. Anaitaja, kisha hatuelezi inafanyaje kazi.

Sisi tunayo kesi ya kumpelekea. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu wakazi wa Engare Nanyuki, katika ardhi ya Wameru, ili mashamba yao wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Wameru wakachanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kutoa shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule. Kwa kipimo cha Locke na cha Nozick, Wameru walikuwa na haki kamili: walilima, walijenga, na serikali ikawapora. Rothbard angekubali mara moja. Yeye aliandika kwamba mashamba ya watumwa wa Marekani yalipaswa kupewa wale walioyalima. Lakini tuendelee kuuliza. Miaka hamsini ikipita, na shamba likiuzwa mara tatu kwa watu wasiojua lolote, nani mwenye haki? Na ardhi ya ukoo, ambayo si ya mtu mmoja, iliyo ya marehemu na ya watoto ambao hawajazaliwa, inaingia wapi katika falsafa inayomjua mtu mmoja mmoja tu? Hapa kitabu chao kina ukurasa mweupe, nao ndio ukurasa ambao Mwafrika angependa kuusoma kwanza.

Kuna ukurasa mwingine ambao si mweupe, na heri ungekuwa mweupe. Katika kitabu chake cha mwaka 1982 Rothbard alifuata kanuni yake hadi mwisho, kama mtu mkweli. Ikiwa hakuna anayeweza kulazimishwa kumtumikia mwingine, basi, alisema, sheria haiwezi kumlazimisha mzazi kumlisha mtoto wake. Hakusema ni vizuri kumwacha mtoto afe. Alisema kwamba sheria haina adhabu kwa jambo hilo. Mimi naheshimu ukweli wake, na kwa sababu hiyo hiyo naikataa kanuni iliyomfikisha hapo. Binadamu hakuingia duniani kwa mkataba. Aliingia akiwa mikononi mwa mtu, na deni lake la kwanza hakulisaini. Walibertari wengi hawamfuati Rothbard hadi huko. Hayek alikubali kabisa kwamba jamii yenye uwezo iwahakikishie watu wake wote chakula na malazi ya chini kabisa. Nozick naye, mwaka 1989, aliandika kwamba msimamo wake wa awali ulikuwa na upungufu mkubwa.

Kanisa limesimama wapi? Kwa kifupi, maana mada ni yao. Papa Leo XIII mwaka 1891 aliitetea mali ya binafsi kwa nguvu ambayo mlibertari angeipigia makofi, kisha katika waraka huo huo akatetea ujira wa haki na vyama vya wafanyakazi. Papa Pio XI mwaka 1931 alifafanua kanuni ya auni, kwamba kazi inayowezwa na familia au kijiji isinyakuliwe na taifa. Lakini auni maana yake ni msaada, nao msaada unadai kwamba aliye juu anyoshe mkono pale aliye chini anaposhindwa; hapo ndipo njia zinapoachana. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliukemea waziwazi ubinafsi wa kilibertari, akisema unayakana mafao ya wengi.

Nina neno moja la mwisho, ambalo linatuhusu sisi na si Harvard. Mlibertari hutupenda sana sisi watu wa parokia. Kwake Kanisa ni mfano mzuri wa jamii inayojengwa kwa hiari, bila polisi. Je, ni kweli? Kodi ya maendeleo, iliyowakimbiza wanaume porini, ilifutwa mwaka 2003, lakini bado tunasikia vijijini habari za mgambo anayeingia uani na kutoka na kuku au baiskeli ya mtu kwa sababu ya mchango wa darasa. Tunalalamika, na tuna haki. Kisha Jumapili tunasikia marehemu amenyimwa misa ya mazishi kwa kuwa kadi yake ya zaka ina miezi mitupu, na aliyeikagua ni kiongozi wa jumuiya ndogondogo. Mgambo angalau alichukua kuku. Sisi tunashika nini rehani?

Sasa tuingie katika makundi. Kundi la wazee lichukue kesi ya Engare Nanyuki: nani alipaswa kumrudishia nani, na hadi kizazi cha ngapi. Vijana wachukue senti 25 za Chamberlain, nao wajaribu kuishinda hoja ile bila kutumia neno tamaa. Akina mama wachukue mchango wa darasa: kijiji kinahitaji shule, kaya kumi hazitaki kuchangia, tatu kati yake haziwezi. Viongozi wa jumuiya watabaki hapa pamoja nami, nao waje na kadi za zaka.